Mablanketi ya Aldapreri

Saa moja asubuhi Anyesi alikuwa ameshafua mashuka sita na kuyaanika, na sasa alikuwa anasugua mabeseni ya wodi ya wazazi kwa kipande cha sabuni ya mche kilichobaki ukubwa wa kiberiti. Sabuni ya unga ilikuwa imepanda bei tena tangu Pasaka, na Kamati ya zahanati iliamua itumike Jumatatu tu. Leo ilikuwa Alhamisi. Alipoingia stoo kuchukua ufagio akakuta katoni nzima ya sabuni ya unga, dumu la dawa ya sakafu yenye kunukia, na karatasi za chooni ambazo wagonjwa wa zahanati ya Loruvai hawakuwahi kuziona. Alisimama mlangoni akavitazama bila furaha. Kwa miaka kumi na moja aliyofanya usafi pale, sabuni haikuwahi kuja yenyewe kwa ajili ya wagonjwa.

Dalili zilianza jana. Mawe ya kuanzia getini hadi mlangoni yalipakwa chokaa. Bomba la uani, lililokauka miezi mitatu, lilikohoa kutu na kuanza kutoa maji. Na asubuhi hii Bwana Gadiel, katibu wa Kamati, alipanda kutoka Kisongo kwa pikipiki, akazima injini, akamsalimia Anyesi kabla hajasalimiwa.

"Mama Angel, habari za asubuhi? Mwanetu anaendeleaje na shule?"

"Shikamoo katibu. Anaendelea."

Anyesi alifuta mikono kwenye kanga na kungoja. Siku nyingine zote Gadiel alimwita "wewe wa usafi". Siku alizokumbuka kuwa Anyesi ana mtoto zilikuwa siku za shida zake mwenyewe.

"Wageni wa Aldapreri wameshatua uwanja wa ndege wa KIA," alisema Gadiel, akichomoa karatasi iliyokunjwa kwenye mfuko wa koti. "Sasa kuna kitu kidogo hapa cha kusaini. Cha kawaida tu."

Anyesi aliisoma polepole, kidole kikifuata mstari. Ilisema kwamba yeye, mhudumu na mtunza ufunguo wa stoo, anathibitisha kuwa kati ya mablanketi thelathini yaliyotolewa na marafiki kwa ajili ya wodi, ishirini na sita yalichukuliwa na wazazi waliojifungulia pale, walioondoka nayo bila ruhusa. Chini palikuwa na nafasi ya sahihi moja. Hapakuwa na nafasi ya katibu, wala ya mwenyekiti, wala ya muuguzi.

"Mbona mimi peke yangu?"

"Si wewe ndiye mwenye ufunguo?" Gadiel alicheka kidogo. "Usiogope. Wafadhili wanapenda karatasi. Na Jumamosi Kamati inakaa, kuna ile nafasi ya ajira ya kudumu. Bima na kila kitu. Jina lako nimeliweka juu kabisa, Mama Angel. Sasa usije ukaniangusha."

Anyesi alimfikiria mama yake mzazi, kule nyumbani na sukari yake, anayekata kila kidonge nusu kwa nusu ili vifike mwisho wa mwezi. Kwa miaka kumi na moja alikuwa kibarua. Jina lake halikuwahi kuwekwa juu ya kitu chochote.

"Mikono ina maji, katibu. Nitasaini jioni."

Gadiel alimtazama sana, kisha akaiweka karatasi juu ya meza ya mapokezi na kuikandamizia chupa ya spiriti. "Jioni, kabla wageni hawajaondoka," akasema, na tabasamu lilikuwa limeshamwisha.

Ili mtu aelewe habari ya mablanketi inabidi aijue Aldapreri. Jina lenyewe ni Alder Prairie, mji mdogo katika jimbo la Minnesota, Marekani, wenye watu elfu tisa, na usharika wake ni rafiki wa usharika wa Loruvai. Kila mwezi walituma barua yao ya habari, na Sista Catherine, muuguzi wa zahanati, aliitafsiri kwa kalamu pembeni na kuibandika kwenye ubao. Waliokuwa wanaisoma ni yeye na Anyesi tu. Anyesi aliisoma akiwa ameegemea ufagio, na baada ya miaka yote hiyo aliujua mji ule kuliko alivyoijua mitaa ya Levolosi, kule mjini, aliyokaa miaka minne alipoolewa. Alijua kuwa wanalima mahindi na soya, na kwamba theluji ikianguka, jirani mwenye trekta anasafisha njia ya jirani asiye nalo. Alijua kuwa zimamoto wao hawalipwi, wanakaanga chapati nene asubuhi ya Jumamosi na kuwauzia watu ili wanunue mpira wa maji. Hilo alilitilia mashaka mwaka mzima. Mtu azime moto wa mwenzake bure, halafu bado amkaangie chapati?

Kilichomsumbua zaidi kilikuwa mabakuli. Jumatano kila nyumba ilipeleka chakula kwenye ukumbi ulio chini ya kanisa, na kila bakuli lilibandikwa tepu kwenye kitako, juu ya tepu limeandikwa jina.

"Kumbe nao wanaibiana," Anyesi alisema siku alipoisoma habari hiyo.

"Hapana," Sista Catherine alimjibu. "Ni ili bakuli lijue njia ya kurudi."

Wanawake wa chakula hicho ndio walioshona mablanketi. Walikata mashati ya zamani, mapazia na magauni, wakaunga viraka kwa viraka, na pembeni mwa kila blanketi mshonaji akadarizi jina lake. Yalikuja mwaka juzi, thelathini, yakiwa na harufu ya sabuni ya kigeni. Wazazi walilala nayo wiki moja.

Halafu kulikuwa na harambee ya ukuta wa kanisa. Mgeni rasmi hawezi kuondoka mabega matupu, huo ndio utaratibu wa Loruvai, ni lazima avishwe kitu, na siku hiyo fedha za kununua shuka zilikuwa hazijapatikana. Gadiel akamjia Anyesi mbio. "Toa moja pale stoo, lililo zuri. Tutarudisha lingine." Anyesi akatoa. Baada ya hapo mlango ulikuwa umefunguka. Mgeni rasmi wa kipaimara akavishwa, na mkaguzi aliyekuja kuangalia choo akavishwa ili asikiangalie sana. Mkwe wa mwenyekiti alivishwa mbele ya watu mia tatu, kwenye send-off ya binti yake. Hakuna aliyeiba. Kila moja liliondoka mchana kweupe, kwa vigelegele, na Anyesi ndiye aliyekuwa anatumwa kulileta. Ndiyo maana aliyakumbuka yote kwa majina. La Doroti, la mashati ya drafti ya bluu, lilipanda Landcruiser na mheshimiwa wa harambee na halikuonekana tena.

Saa tatu simu ya Gadiel iliita. "Wamepita Kikatiti," akatangaza, na zahanati nzima ikaanza kukimbia. Anyesi alitoa stoo yale manne yaliyobaki na kuyatandika kwenye vitanda vinne vya wodi. Kwenye kitanda cha kwanza, karibu na mlango, alilala Simaloi, mfugaji wa juu kidogo ya Loruvai, aliyejifungua mtoto wa kike usiku wa kuamkia jana. Anyesi alipomfunika, Simaloi alilitoa blanketi, akalikunja vizuri na kuliweka miguuni.

"Jifunike, mama. Kuna baridi."

"Hapana, yeyo," Simaloi alimjibu, akimwita mama kwa lugha ya kwao. "Nina shuka yangu."

"Hili ni lako ukiwa hapa."

"Mwaka juzi nilijifungua hapahapa," Simaloi alisema, bila hasira. "Wageni walikuja, ukanifunika. Gari lao lilipofika pale kwenye kona, ukanifunua. Mtoto alikuwa ananyonya." Akamgeuza binti yake upande wa pili. "Hili ni la kupigia picha. Mimi sitaki kulizoea."

Anyesi aliona aibu, na aibu ikamfanya aseme kwa ukali kwamba afanye anavyotaka. Ilikuwa kweli. Alikuwa amemfunua kwa mikono yake mwenyewe, kwa sababu Gadiel alisema yatachafuka.

Alimfuata Sista Catherine chumba cha dawa. "Sista, umeiona ile karatasi?"

Catherine alikuwa anapanga chupa ambazo tayari zilikuwa zimepangika. "Nimeiona."

"Na wewe unajua yalikokwenda."

"Mama Angel, mimi nimeletwa hapa na naweza kuhamishwa kesho. Nina watoto wawili shuleni." Hakugeuka. "Wewe saini yaishe. Wazazi wenyewe hawatajua."

"Simaloi atajua. Kijiji kizima kitajua kuwa wake zao ni wezi."

Catherine aliichukua chupa moja, akaifuta, akairudisha palepale.

Wageni walifika saa tano na nusu, wakapokelewa getini kwa ngoma. Barua ilisema watakuja sita. Waliposhuka wakawa saba. Wa saba alikuwa bibi mrefu mwenye nywele nyeupe zilizokatwa fupi na viatu vya kutembelea shambani, na mkalimani, Nice, mpwa wake Gadiel anayesoma chuo mjini, alimtambulisha kuwa anaitwa Doroti.

Anyesi alimjua vizuri kutokana na zile barua za ubaoni. Alijua kuwa mume wake, Walter, alikuwa zimamoto kwa miaka thelathini na nane, na kwamba alipokufa, Doroti alibadilisha mashati yake ya kazi kuwa blanketi. Alijua pia kuwa rafiki yake wa kushona, Arlene, alifariki Februari, na mji mzima ulikula pamoja chini ya kanisa baada ya mazishi.

Kwaya iliimba. Umoja wa Wanawake wakaja na mashuka mekundu, mapya, wakawavisha wageni mmoja mmoja. Moja, mbili, mpaka sita, mashuka yakaisha. Doroti akabaki peke yake mwisho wa mstari, mikono ameikunja tumboni, akitabasamu kama mtu asiyetaka kusumbua. Gadiel akaangaza huku na huku. Kisha akafanya alichokuwa amekizoea kwa miaka miwili, hata hakufikiri. Alimsogelea Anyesi na kumnong'oneza.

"Toa moja pale ndani. Haraka."

Anyesi naye hakufikiri. Miguu yake iliijua kazi hiyo. Aliingia wodini, akachukua lililokunjwa miguuni pa Simaloi, akatoka nalo, na Gadiel akalikunjua mbele ya umati na kumvika bibi mabegani. Vigelegele vikapigwa.

Doroti alilishika ukingo, akalivuta taratibu mpaka pembe yenye jina ikafika machoni pake. Akasoma. Tabasamu lilibaki pale lilipokuwa, lakini mkono wake ulianza kusugua herufi zile, mara moja, mara ya pili. Akamwambia Nice neno.

"Anko," Nice alisema kwa sauti ya chini, "anasema hili ni la rafiki yake aliyekufa. Anasema walileta haya kwa ajili ya kina mama. Anauliza mbona anarudishiwa yeye."

Gadiel alijibu bila kusita. "Mwambie ni heshima. Mwambie kwetu mgeni anavishwa kilicho bora."

Nice akatafsiri. Bibi akatikisa kichwa, akauliza tena.

"Anauliza mengine yako wapi."

"Mwambie wazazi waliyapenda mno. Wameondoka nayo, ni kumbukumbu ya watoto wao."

Anyesi alisimama hatua mbili tu kutoka hapo. Asubuhi, kwenye karatasi, wazazi walikuwa wezi. Sasa, mbele ya wageni, walikuwa wenye kupenda zawadi. Alimtazama Gadiel usoni atafute angalau jasho, na hakuliona.

Uso wa Doroti ulifunguka. Alisema amefurahi, hicho ndicho walichotaka, blanketi likae na mtu. Akafungua mkoba, akatoa kitabu kidogo cha picha. Zilikuwamo zote thelathini, kila moja na jina la mshonaji chini yake, na pembeni mstari mtupu. Alisema wenzake wamemtuma. Wanataka kuandika kwenye mstari huo jina la mama aliyenalo, wamwombee kwa jina. Akafungua ukurasa wa mashati ya bluu.

"Anasema kaambiwa mwenye ufunguo ni wewe," Nice alimwambia Anyesi, na kwa mara ya kwanza alionekana kuona haya. "Anauliza, mama, lake yuko nalo mama gani?"

Watu wote waligeuka. Gadiel alikuwa anamtazama na kutabasamu, meno yote nje. Anyesi aliitazama picha. Aliliona lile Landcruiser, aliliona blanketi likitupwa kiti cha nyuma. Aliwaza Jumamosi, na vidonge vya mama yake.

"Sikumbuki," alisema.

Nice akatafsiri. Doroti alimwangalia Anyesi kwa muda, si kwa ukali, ila kwa namna ya mtu anayesikiliza kitu kingine nyuma ya maneno. Akafunga kitabu. Wengine walipoongozwa kwenda kwenye turubai la chakula, yeye aliingia wodini peke yake, akalivua blanketi la Arlene, akalitandaza juu ya Simaloi na mtoto, akalikunjia pembeni kama wanavyofunikwa watoto. Simaloi alilala ameduwaa, macho kwa Anyesi, akingoja kufunuliwa.

Saa tisa, pilau ikiwa imeshaisha na wageni wakinywa soda chini kanisani, Gadiel alirudi akifuta mdomo.

"Umefanya vizuri," alisema. "Sasa saini, halafu uondoe yale manne uyarudishe stoo. Jumamosi tuna mgeni rasmi, siwezi kununua shuka kwa bei za siku hizi."

"Wazazi wako vitandani, katibu."

"Si wanaruhusiwa leo? Yaondoe. Nakuja kuchukua karatasi na ufunguo baada ya nusu saa."

Alipoondoka, Anyesi alikaa kwenye benchi la mapokezi, jambo ambalo hakulifanya kamwe saa za kazi. Alikuwa na hasira, na nusu ya hasira hiyo ilikuwa juu yake mwenyewe. Neno moja, "sikumbuki", na sasa Walter zimamoto alikuwa amepotea na yeye ndiye aliyempoteza. Mbele yake kulikuwa na ubao wa matangazo na barua ya mwezi huu. Picha ilionyesha meza ndefu, na wanawake wakiosha mabakuli na kuyageuza kitako juu ili yakauke. Ukikaza macho uliviona vipande vya tepu.

Aliinuka, akaenda chumba cha dawa. Catherine alikuwa palepale.

"Naomba plasta, Sista. Ile pana. Na kalamu."

"Nani ameumia?"

"Hakuna."

Catherine alimtazama, akampa roli nzima.

Wodini Anyesi alikata vipande vinne kwa meno. Alimuuliza kila mama jina lake na la mtoto, ingawa aliyajua, akayaandika kwa herufi kubwa na kuyabandika kwenye pembe, kando ya jina lililodariziwa. Chini ya Arlene akabandika Simaloi. Mtoto alikuwa hajapewa jina, akaandika "na binti yake".

"Chukueni. Nendeni nayo nyumbani."

Wale watatu walishukuru na kuanza kukusanya vyombo. Simaloi hakugusa.

"Ni la kupigia picha, yeyo?"

"Si la picha. Jina lako hilo hapo."

"Wakija nyumbani kulidai?"

"Wakija, waonyeshe jina. Uwaambie Anyesi ndiye aliyeandika."

Aliporudi mapokezi aliiondoa chupa ya spiriti juu ya karatasi. Alikata kwa mstari mmoja neno "ishirini na sita" na juu yake akaandika "manne". Alikata "bila ruhusa" na akaandika "kwa ruhusa yangu". Chini akaorodhesha majina manne, kisha akasaini jina lake lote, kama alivyofundishwa darasa la saba. Juu ya karatasi akaweka ufunguo wa stoo.

Gadiel alivikuta vitanda vitupu. Alisoma karatasi akiwa amesimama, akairudia.

"Unajua ulichofanya?"

"Ulitaka niandike wazazi wameondoka nayo. Wameondoka nayo."

"Na yale ishirini na sita?"

"Hayo niulize tu, nitakutajia moja moja na bega lililokwenda nalo. Nilikuwa nimesahau. Sasa nimekumbuka." Akanyoosha kidole upande wa kanisani. "Mama Doroti bado yuko pale chini na kitabu chake. Ukitaka tukamtajie hukohuko, twende."

Gadiel alitazama upande wa kanisani, ambako kwaya ilikuwa inaanza tena. Aliikunja karatasi mara nne na kuitia mfukoni, akachukua ufunguo. "Jumamosi usije," alisema. "Wala Jumatatu." Akatoka bila kukimbia, mtu asiyetaka kuonekana akikimbia.

Anyesi alivua aproni, akaikunja na kuiweka kwenye benchi. Sista Catherine alikuwa mlangoni mwa chumba cha dawa na hakuondoka. Kupitia dirishani Anyesi alimwona Simaloi akitokea uani kuelekea getini, mtoto mgongoni chini ya shuka yake nyekundu, blanketi la viraka limekunjwa mikononi mbele yake kama mzigo wa mtu mwingine. Alitembea polepole katikati ya mawe ya chokaa, akageuka kutazama zahanati, akatembea, akageuka tena. Alipofika kwenye kona alisimama muda mrefu kidogo. Alipoona hakuna anayemwita, alilikunjua, akamfunika mtoto nalo, na kukaza mwendo.